Lenzi ya kamera na haki ya jirani

(Haya ni mazungumzo ya redio ya juma hili. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Ndugu msikilizaji, kamera ya ulinzi si kitu cha ajabu tena katika Mkoa wa Mtwara. Utaiona juu ya mlango wa duka, kwenye nyumba ya kulala wageni, kwenye ghala la korosho, na hata kwenye nyumba ya mtu wa kawaida aliyefunga sola juu ya paa lake. Mchana kamera hizo hufanya kazi nzuri. Kuku akipita uani utahesabu manyoya yake.

Lakini mwombe mwenye kamera akuonyeshe picha ya saa nane usiku. Mara nyingi utakachokiona ni kivuli. Kuna mtu, hilo halina ubishi. Ana kichwa, ana mikono miwili, na pengine amebeba kitu. Ni nani? Hapo ndipo kila mtu anapoanza kusema lake. Huyu anasema mwendo ule ni wa kijana fulani. Yule anasema shati lile amelivaa mtoto wa fulani juzi gulioni. Kabla ya jua kuchomoza jina limekwisha patikana, na wenye hasira wamekwisha shika fimbo.

Kwa hiyo leo tuzungumzie kitu kidogo kinachotosha kukaa kwenye ncha ya kidole, nacho ni lenzi ya kamera. Tutaeleza namna ya kuchagua lenzi mpya pale ya zamani inapochoka au inaposhindwa na giza. Ni jambo la kiufundi, lakini ndani yake mna haki ya mtu.

Tuanze na mahakama. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ilitoa mwongozo ambao mahakimu na majaji wetu wanautumia mpaka leo. Ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu, na usitegemewe mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa wote. Ndipo ikaorodhesha mambo ya kuuliza. Shahidi alikuwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Je, alikuwa akimfahamu kabla ya siku ile?

Kamera nayo ni shahidi, ndugu msikilizaji. Basi nayo tuiulize maswali hayo hayo: umbali, mwanga na muda. Kila swali lina jibu lake kwenye lenzi.

Swali la kwanza ni umbali. Kila lenzi ina namba iliyoandikwa kwa milimita: 2.8, 4, 6, 8 au 12. Namba hiyo huitwa urefu wa fokasi. Namba ndogo maana yake lenzi inaona eneo pana lakini kila kitu kinakuwa kidogo. Namba kubwa maana yake inaona eneo jembamba lakini kilichomo kinakuwa kikubwa. Kamera nyingi za bei nafuu huja na lenzi ya 2.8 au 4, kwa sababu mnunuzi hufurahi kuona ua mzima kwa kamera moja.

Tupige hesabu. Chukua kamera ya kawaida, yenye nukta 1,920 kwa upana wa picha, na yenye kile kipande cha ndani cha kupokea picha chenye upana wa kama milimita 5.6. Mtu akisimama mita 10 kutoka kwenye kamera, lenzi ya 2.8 itakuwa inatazama upana wa kama mita 20 mahali pale. Lenzi ya 4 itatazama mita 14, ya 8 mita 7, na ya 12 chini kidogo ya mita 5. Nukta ni zile zile 1,920. Zikitandazwa kwenye mita 20, kila mita inapata nukta 96. Zikikusanywa kwenye mita 7, kila mita inapata nukta 274.

Sasa uso wa mtu una upana wa kama sentimita 16. Kwa lenzi ya 2.8, uso huo kwa mita 10 unapewa nukta 15 tu. Kwa lenzi ya 8 unapewa nukta 44. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilipendekeza nukta 25 kwa mita kwa kugundua tu kwamba kuna mtu, nukta 125 kwa kumtambua mtu unayemfahamu, na nukta 250 kwa kumbainisha mtu usiyemjua kabisa. Hapa tunaona jambo ambalo muuzaji hakuambii. Lenzi pana ya 2.8, kwa mita 10, inaweza kukuambia kwamba mtu yupo. Haiwezi kukuambia ni nani, hata kama ni mchana kweupe.

Basi kabla ya kununua, chukua futi ya fundi upime. Ni mita ngapi kutoka kwenye kamera hadi mahali ambapo mtu lazima apite, yaani geti, mlango wa duka au mlango wa ghala? Ikiwa ni mita 3 au 4, lenzi ya 2.8 au ya 4 inatosha. Ikiwa ni mita 10, tafuta ya 8. Ikiwa ni mita 15, tafuta ya 12. Na kama unataka kuona ua mzima pamoja na uso wa anayeingia, fahamu kwamba hizo ni kazi mbili, nazo zinahitaji kamera mbili. Mwenye uwezo wa kamera moja tu aielekeze mlangoni. Ua ni mpana, lakini mwizi lazima apite mahali fulani.

Swali la pili ni mwanga, na hapa ndipo penye uzito. Pamoja na zile milimita, lenzi huwa na namba nyingine inayoanza na herufi F: F2.0, F1.6, F1.2 au F1.0. Namba hiyo inaeleza ukubwa wa tundu la lenzi ukilinganisha na urefu wake wa fokasi. Lenzi ya milimita 4 yenye F2.0 ina tundu la milimita 2. Lenzi ya milimita 4 yenye F1.0 ina tundu la milimita 4. Ni kama dirisha. Ukizidisha upana mara mbili na urefu mara mbili, dirisha linakuwa kubwa mara nne. Kwa hiyo F1.0 inaingiza mwanga mara nne ya F2.0. Hata F1.6, ambayo kwa macho haina tofauti kubwa, inaingiza mwanga mara moja na nusu ya F2.0. Kadiri namba ya F inavyokuwa ndogo, ndivyo lenzi inavyofaa zaidi gizani.

Je, basi kila mtu akimbilie F1.0? Hapana. Kwanza, kamera yenyewe ikiwa na kipande kidogo na duni cha kupokea picha, lenzi nzuri haitaiponya. Pili, lenzi yenye tundu kubwa ina ukali katika eneo dogo. Ukiilenga mita 8, aliye mita 2 anaweza kuonekana na ukungu. Tatu, lenzi ya F1.0 iliyotengenezwa vibaya hutoa picha angavu lakini laini, isiyo na ncha. Uliza pia lenzi imetengenezwa kwa kamera ya nukta ngapi. Lenzi ya kamera za zamani ukiifunga kwenye kamera ya megapikseli 4 au 5 itakurudisha nyuma.

Kuna mwanga mwingine ambao sisi hatuuoni lakini kamera inauona, nao ni infraredi. Zile taa ndogo zinazozunguka jicho la kamera ndizo zinazoutoa. Nyingi hutoa mwanga wa nanomita 850, ambao ukizitazama kwa karibu gizani utaona wekundu hafifu. Nyingine ni za nanomita 940, hazionekani kabisa, lakini kamera nyingi huupokea mwanga huo kwa udhaifu zaidi. Hapa pana mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni kichujio. Baadhi ya lenzi huuzwa zikiwa na kioo cha kuzuia infraredi kilichogandishwa nyuma yake. Zimekusudiwa kamera za mchana. Ukiifunga lenzi hiyo kwenye kamera ya ulinzi, mchana utaona rangi nzuri sana, na usiku utakuwa kipofu. Kamera nyingi za ulinzi zina kichujio chao ndani, ambacho hujisogeza pembeni giza likiingia. Kwa hiyo nunua lenzi isiyo na kichujio. Namna rahisi ya kujaribu ni hii: funika kamera mpaka picha igeuke nyeusi na nyeupe, kisha elekeza rimoti ya televisheni kwenye lenzi ubonyeze. Ukiona nukta nyeupe ikimetameta kwenye kioo cha kutazamia, infraredi inapita.

Mtego wa pili ni fokasi. Infraredi haipindi ndani ya kioo sawasawa na mwanga wa kawaida. Lenzi ya kawaida ukiiweka sawa saa sita mchana, usiku inaweza kupoteza ukali. Lenzi nzuri huwa zimerekebishwa kwa ajili hiyo, na maandishi yake hutaja IR. Hata hivyo, fundi mwangalifu humalizia kuiweka sawa usiku, taa za kamera zikiwa zinawaka na mtu akiwa amesimama pale mlangoni. Fundi anayemaliza kazi saa kumi jioni na kudai malipo yake yote, mwambie nusu ataichukua baada ya isha.

Mtego wa tatu ni upana wa taa. Taa zilizokuja na kamera zilipangwa kulingana na lenzi yake ya kwanza. Ukiweka lenzi pana zaidi, katikati patang'aa na pembeni patakuwa giza. Na kumbuka kwamba mwanga hudhoofika haraka: anayesimama mita 20 anapata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita 10. Ahadi ya mita 30 iliyoandikwa kwenye boksi isikudanganye.

Swali la tatu ni muda. Giza linapozidi, kamera hujaribu kujisaidia kwa kuacha jicho lake wazi kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha. Ua uliotulia utaonekana angavu, na muuzaji atakuonyesha kwa fahari. Lakini mwizi hatulii. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida huenda kama mita 1.5 kwa sekunde. Kamera ikifumbua jicho kwa moja ya sita ya sekunde, katika muda huo mtu amesogea sentimita 25, zaidi ya upana wa uso wake. Uso umepakwa kama samli. Ikifumbua kwa moja ya ishirini na tano ya sekunde, amesogea sentimita 6. Bado kuna ukungu, lakini umepungua sana. Lenzi yenye tundu kubwa inakupa nafasi hiyo, kwa kuwa mwanga mara nne maana yake muda unaweza kupungua mara nne. Kwa hiyo unapojaribu lenzi, usitazame ukuta. Mwambie mtoto apite mbele ya kamera kwa mwendo wa kawaida, kisha simamisha picha utazame uso wake.

Baada ya kuchagua, hakikisha inaingia. Kamera nyingi ndogo hutumia lenzi ya kukaza yenye kipenyo cha milimita 12, ambayo mafundi huijua kwa jina la M12. Kamera kubwa za boksi hutumia aina ya CS au ya C. Hizo mbili zina meno sawa ya kukazia, lakini umbali wake unatofautiana: CS ni milimita 12.5 na C ni 17.5. Lenzi ya C hukaa kwenye kamera ya CS kwa kuwekewa ringi ya milimita 5. Lenzi ya CS kwenye kamera ya C haitapata ukali wa kuona mbali. Angalia pia kwamba lenzi inalingana na ukubwa wa kile kipande cha kupokea picha, la sivyo utapata picha ya duara yenye pembe nyeusi. Njia ya uhakika ni kwenda dukani na lenzi ya zamani mkononi, pamoja na namba ya kamera. Na kama lenzi imegandishwa kwa gundi, usilazimishe. Kamera nyingine hazikutengenezwa kubadilishwa lenzi, na ukiivunja utakuwa umenunua hasara.

Sasa tuje kwenye mazingira yetu ya pwani. Kilambo iko kusini ya mji wa Mtwara, kando ya Mto Ruvuma, mahali wasafiri wanapovuka kwenda Namoto na Palma, Msumbiji. Kuna mvuke wa mto, na kuna upepo wa bahari unaobeba chumvi. Chumvi hukaa kwenye kioo cha mbele kama pazia, na usiku taa za infraredi hulipiga pazia hilo na kuifanya picha yote kuwa nyeupe. Unyevu ukiingia ndani huotesha kuvu kwenye lenzi, mithili ya utando wa buibui. Kwa hiyo kabla hujatumia fedha, safisha kwanza. Mwagia maji safi kuondoa chumvi na mchanga, kisha futa taratibu kwa kitambaa laini. Ukisugua kwa pindo la khanga lililo kavu, chembe za mchanga zitakwaruza kioo. Ondoa na nyumba za buibui, maana taa hizo huvuta wadudu, na wadudu huvuta buibui. Kama ukungu uko ndani, au kioo kimekwaruzika, hapo ndipo lenzi mpya inahitajika. Unapofunga, weka kipakiti cha chembechembe za kunyonya unyevu, na hakikisha ringi ya mpira imekaa sawa. Kazi hiyo ifanyike siku kavu, umeme ukiwa umezimwa.

Na pengine huhitaji lenzi kabisa. Taa moja ya sola inayojiwasha mtu anapopita, ikifungwa juu ya mlango, inaweza kuifanyia kamera yako mema kuliko lenzi ya gharama. Jaribu taa kwanza.

Ndugu msikilizaji, kwa nini tumesisitiza sana jambo hili kwa watu wa Ruvuma? Kwa sababu kule mpakani kivuli kina bei kubwa kuliko mahali pengine. Mwezi Oktoba 2017 mashambulizi ya watu wenye silaha yalianza Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado. Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya, kando ya mto huo huo, kilivamiwa, na damu ikamwagika. Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa. Watu waliopitia hayo wana haki ya kuwa na hofu wanapoona mtu asiyejulikana usiku. Lakini mto huo huo una Wamakonde kando zote mbili, wenye mashangazi na wajomba ng'ambo, wenye biashara ya samaki, mchele na nguo. Msimu wa korosho vibarua huja kutoka mbali. Si kila mgeni ni adui, na si kila anayepita usiku ni mwizi. Picha nusu nusu, mikononi mwa watu wenye hofu, inaweza kumuua asiye na hatia.

Kwa hiyo ukipata tukio, usiirushe picha kwenye makundi ya simu na kuuliza nani anamjua huyu. Hifadhi picha nzima kama ilivyo, bila kuikata, andika tarehe na saa, umjulishe mwenyekiti wa kijiji na uipeleke polisi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo kupokelewa mahakamani, na mahakama huangalia namna ulivyotengenezwa na kutunzwa. Picha iliyopita simu arobaini imekwisha poteza heshima yake.

Aidha, macho hayana pazia, lakini lenzi ina mwelekeo. Unapobadilisha lenzi ya 4 kwa ya 8, kile kilichokuwa kidogo kule nyuma kinakuwa kikubwa. Huenda kule nyuma ni bafu ya makuti ya jirani yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha ya mtu ni taarifa yake. Lakini hata bila sheria, mwite jirani atazame kwenye kioo kile unachokiona wewe. Akiridhika, umepata mlinzi wa pili, na huyo halali umeme ukikatika.

Kwa kumalizia, pima umbali hadi mlangoni kabla ya kuchagua milimita. Tafuta namba ndogo ya F, isiyo na kichujio, iliyorekebishwa kwa infraredi. Jaribu usiku, kwa mtu anayetembea. Na baada ya yote hayo, ukitazama picha ukaona bado huwezi kuuona uso, basi sema ukweli wa picha hiyo: kulikuwa na mtu. Usimwongezee jina.

Ndugu msikilizaji, hayo ndiyo mazungumzo yetu ya juma hili. Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo.